Kofia Iliyokatwa

Detroit, Michigan
Jumapili, 9 Februari 1947

Kwako Baba,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Mama. Mimi sijambo, isipokuwa mikono. Wiki hii chuma kilichoyeyuka kiliruka kutoka kwenye mdomo wa ndoo kikanichoma kiganja cha kulia, kwa hiyo naandika kwa kushoto na maneno yamelala upande kama watu wa kilabuni. Kazini naenda hivyo hivyo. Msimamizi wetu anasema Mungu alimpa mtu mikono miwili ili mmoja ukiungua mwingine uendelee.

Mama anaendeleaje? Miguu imepungua kuvimba? Barua yako ya Krismasi ilisema daktari kasema moyo wake umechoka. Nimelifikiria neno hilo mbele ya tanuri siku nyingi. Mimi mwili mzima umechoka na bado nasukuma. Mwambie na moyo wake usukume.

Sasa Baba, kama umesimama, kaa. Nimemwona Ozella.

Najua ulikataza jina lake lisitajwe mezani kwako. Miaka sita nimelimeza. Siku ile ulimwambia achague kati ya kwaya ya kanisa na zile baa za Jumamosi, akachagua, akatoka na sanduku lake la karatasi ngumu, mimi nilikuwa nimesimama uani na sikusema kitu. Leo nasema. Nimemwona sinema. Filamu inaitwa Hoteli ya Mtoni, na dada yangu yumo ndani, urefu wa ukuta mzima.

Si mtumishi, Baba. Habebi trei, hafagii, hashangai kwa kutoa macho. Anaimba kwenye ukumbi wa hoteli, amevaa gauni jeupe, na kabla ya kuanza kuimba anafuta mgongo wa mkono kwenye nyonga, mara mbili, vile vile Mama anavyofanya akitoka kwenye beseni la kufulia. Nilipoona hivyo nilipiga kelele, mtu wa nyuma akanipiga kwa kofia. Nimekwenda tena mara tatu. Wimbo ni wa dakika nne.

Wanasema filamu itafika Carrow mwezi wa tatu. Mpeleke Mama, Baba. Hata kama wewe utafumba macho, mpeleke.

Mwanao,
Cleophus

*

Carrow, Tennessee
Jumapili, 23 Machi 1947

Mwanangu Cleophus,

Tumepata barua yako na tunamwomba Mungu mkono upone. Mimi ni mzima. Mama yako si mzima, na jana nimemfanya awe mgonjwa zaidi, kwa ajili yako.

Unajua pale sinema ya Alhambra sisi weusi tunapandia wapi. Ngazi za nje ni arobaini na moja. Nazifagia kila asubuhi, nazijua. Jana nilimbeba mama yako mgongoni ngazi zote hizo, Shemasi Purcell akimshika kwa nyuma asidondoke, na wazungu waliokuwa wakikata tiketi mlango wa mbele walikuwa wakitutazama kama kwamba sisi ndio filamu. Tulipumzika mara tano. Alikuwa amevaa kofia yake ya Pasaka.

Tumeitazama Hoteli ya Mtoni toka jina la kwanza mpaka taa zilipowashwa. Ozella hamo. Hakuna mwanamke mweusi anayeimba. Kuna mmoja anayebeba masanduku, naye ana sauti ya chura.

Wakati wa kushuka Purcell alisema, "Lem, labda mtoto alikuwa amejificha nyuma ya pazia." Watu wakacheka. Hilo ningelivumilia. Lakini mama yako alisema, "Labda nilisinzia. Labda alipita nikiwa nimesinzia." Hakusinzia. Nilikuwa nimemshika mkono muda wote.

Umefanya kazi kwenye moto mpaka umeota ndoto, au umekunywa, au umesema uongo kwa mwanamke anayekufa. Sijui lipi ni afadhali. Usiniandikie tena habari hizo.

Baba yako,
Lemuel Tolliver

*

Detroit
Ijumaa, 28 Machi 1947

Kwako Baba,

Salamu zangu kwako, na kwa Mama zaidi. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo uache.

Sijanywa, na sijasema uongo. Barua yako ilipofika nilitoka kazini na nguo za kazi, nikaenda kwenye sinema ndogo huku mtaani ambako filamu bado inaonyeshwa, nikakaa na saa mkononi na penseli. Sasa nakuuliza, na wewe nijibu kama mtu wa kanisa.

Kuna kepteni, mzungu, karudi kutoka vitani. Anaingia hotelini, mvua inanyesha, amevaa kofia ya jeshi na inachuruzika maji. Huku kwetu anaingia, anamkuta Ozella, anavua ile kofia, anamwambia, "Habari za jioni, Bibi," anamvutia kiti, wanaketi meza moja na Ozella anaimba. Kisha anatoka nje kichwa wazi, kofia kaiacha mezani.

Ulimwona akiingia na kofia? Na baada ya hapo, ulimwona nje kwenye mvua bila kofia? Nani aliivua, Baba? Kofia ilikwenda wapi?

Mwanao,
Cleophus

*

Carrow
Alhamisi, 3 Aprili 1947

Mwanangu Cleophus,

Nakusalimu kwa jina la Bwana na kwa aibu. Mama yako anakusalimu. Hali yake ni ile ile, analala ameketi.

Picha iliruka hapo kwenye kofia. Niliona mwenyewe, nikadhani mashine imechoka. Kepteni yuko mlangoni na kofia, halafu kufumba na kufumbua yuko nje kichwa wazi. Nimekuita mwongo, na wewe ulikuwa unasema kweli. Nisamehe.

Na kuna la pili, ambalo ni zito zaidi kwangu. Unajua kila Jumanne asubuhi ile bodi ya mji ya kukagua filamu hukaa pale Alhambra ukumbi ukiwa mtupu, na mimi ndiye nawapelekea kahawa. Siku walipokagua hii nilikuwa chini kwenye tanuri la makaa. Nikasikia mwanamke anaimba, sauti ikipita kwenye mabomba. Nikajisemea, huyu anaimba vizuri. Nikaendelea kuchota makaa. Mtoto wangu mwenyewe, Cleophus, na sikumtambua.

Nilipopanda na kahawa taa zilikuwa zimewashwa na wanabishana. Bwana Crale mwenyekiti, Bi Whitlow, na Bwana Teague wa duka la misumari.

"Wimbo sina neno nao," Bwana Crale akasema. "Ni kofia."

"Kofia imefanya nini, jamani?" Bi Whitlow akauliza.

"Imevuliwa. Mzungu, tena askari, kamvulia kofia mwanamke mweusi."

"Ni hadithi tu, Thaddeus."

"Mtu akizoea kuiona kofia ikivuliwa ukutani, kesho ataingoja ivuliwe barabarani. Isipovuliwa atauliza kwa nini. Mji huu umetulia kwa sababu hakuna anayeuliza kwa nini."

"Basi kata kofia, tuachie wimbo. Wimbo ni mzuri."

Mwendesha mashine akasema kutoka dirishani juu, "Haiwezekani, Bibi. Anaimba wakiwa wameketi wote. Vinakwenda pamoja."

"Basi viende pamoja," akasema Bwana Crale. "Teague, unasemaje?"

Bwana Teague alikuwa amelala. "Nakubali," akasema, na macho hakufungua.

Kisha Bwana Crale akanigeukia na kikombe mkononi. "Lem, wewe ni mtu wa kanisa. Unaona tumekosea?"

Nikamwambia, "Bwana, mimi nilikuwa chini na makaa."

"Umeona?" akamwambia Bi Whitlow. "Hata wao wenyewe hawajali."

Sikujua walikuwa wanamzungumzia nani, wala filamu gani. Niliwaongezea kahawa.

Kile kipande hawakukitupa. Filamu ni mali ya wenyewe, na miji mingine wanaitaka nzima. Vipande hukaa kwenye mkebe wa bati katika kabati la bodi mpaka filamu imalize sinema zote za hapa, ndipo huungwa tena na kurudishwa. Nafuta vumbi kwenye kabati hilo kila Ijumaa. Nimeuona mkebe.

Baba yako,
Lemuel

*

Detroit
Jumatano, 9 Aprili 1947

Kwako Baba,

Natumaini Pasaka ilikuwa njema na Mama alipata angalau supu. Sisi tulifanya kazi siku hiyo, tanuri halijui Pasaka.

Barua yako nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo. Usijilaumu kwa mabomba. Sauti ikipita kwenye chuma inabadilika, mimi nakwambia, nafanya kazi na chuma.

Ila hasira haikunitoka. Nikamsomea Hershel, yule wa Georgia tunayesukuma naye ndoo moja. Akasema, "Wewe umekaa na kitu kama hiki mfukoni? Twende." Tukaenda kwenye ofisi za gazeti letu sisi weusi. Mhariri ni mzee mwenye miwani miwili, mmoja puani na mmoja kwenye paji la uso. Akasoma barua yako mara mbili, akavua miwani yote, akasema miaka mingi wamekuwa wakisikia bodi za Kusini zinavyokata watu wetu kwenye filamu, lakini hawajawahi kupata mtu aliyekuwa ndani ya chumba.

Wanaichapa, Baba. Yote, kofia na Teague kulala na kila kitu. Usiwe na hofu, jina lako halimo. Wameandika tu "mzee anayefagia sinema hiyo na kuwapelekea kahawa." Jina la Ozella limo, na picha yake wameipata.

Kwa mara ya kwanza tangu nije huku nimejiona nimefanya jambo.

Mwanao,
Cleophus

*

Carrow
Alhamisi, 10 Aprili 1947

Mwanangu Cleophus,

Salamu. Naandika haraka. Miguu ya mama yako imeanza kutoa maji. Daktari amesema tusihesabu miezi, tuhesabu majuma, na hakusema mangapi.

Nimemwambia habari ya mkebe. Akasema, "Lem, ulimfukuza bila kuniuliza. Nenda ukamlete."

Sasa sikiliza. Wiki ijayo filamu inakuja Palas, sinema yetu, ndiyo ya mwisho. Palas hakuna ngazi za nje, tunaingia mlango wa mbele kama watu. Mwendesha mashine ni Ferris Odom, mtoto wa marehemu fundi saa. Ijumaa nitakuwa kwenye kabati na kitambaa cha vumbi. Nitautoa mkebe nje nikiuficha kwenye ndoo ya majivu. Jumamosi tarehe 19 asubuhi Odom ataunga kipande, mama yako ataona peke yake kabla watu hawajaingia, na mchana mkebe utakuwa umerudi kabatini. Jumatatu wenye filamu wanaujia.

Odom alisitasita. Akaniambia, "Mzee Lem, tukikamatwa leseni yangu imekwenda."

"Na mimi je?"

"Wewe huna leseni."

"Kweli. Mimi nina shingo tu."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. Unakumbuka yule mfua chuma aliyepigwa na umati kwa sababu ya karatasi tu iliyokutwa dukani kwake. Hii iko kwenye kabati la bodi ya mji, na mimi ndiye nina ufunguo.

Usimwambie mtu. Hata rafiki. Neno moja likifika Carrow kabla ya siku hiyo, mimi na Odom tumekwisha.

Baba yako,
Lemuel

*

Detroit
Jumapili, 13 Aprili 1947

Baba,

Barua zetu zimepishana njiani. Soma ile yangu ya tarehe tisa halafu rudi kwenye hii, na kwa jina la Mungu USIUGUSE MKEBE.

Barua yako niliipata jana nikitoka zamu. Nilikimbia mpaka gazetini bila kunawa. Nikamwambia mzee, toa habari ile. Akasema gazeti la huku litatoka Alhamisi na humo anaweza kuiondoa, lakini magazeti ya Kusini huchapwa mapema kwa sababu ya safari, na yameshapakiwa. Wahudumu wa mabehewa ya kulala wameshayachukua kwenye mifuko yao ya mashuka, wanayatupa kituo kwa kituo. Nikauliza Carrow lini. Akasema Jumatano, Alhamisi ikichelewa.

Nilitaka kukupigia simu ya maandishi, nikakumbuka karani wa simu hapo ni mpwa wa Bwana Crale.

Mfagiaji wa Alhambra ni mmoja tu. Nilidhani kuficha jina ni kumficha mtu. Nimesoma mpaka darasa la tano, Baba, na bado mjinga ni mimi.

Mwambie Mama anisamehe. Mwambie nitamwimbia mimi. Usiende kwenye kabati. Kama bado hawajakuuliza, sema hujui kusoma wala kuandika, wataamini, wanapenda kuamini hivyo.

Niandikie neno moja tu kwamba umeipata hii.

Mwanao,
Cleophus

*

Detroit
Jumapili, 20 Aprili 1947

Baba,

Nakusalimu. Nakusalimu wewe na Mama na kila mtu wa nyumbani.

Jana ilikuwa Jumamosi tarehe 19. Niliangalia saa mpaka Hershel akaninyang'anya. Hakuna barua. Tafadhali.

Cleophus

*

Detroit
Jumapili, 27 Aprili 1947

Kwako Baba, popote ulipo,

Kama uko mzima, namshukuru Mungu. Kama hupo, sijui naandika kwa nani, lakini nikiacha kuandika nitakuwa nimekubali.

Siku kumi na tano sijapata mstari kutoka kwako. Nimemwandikia mchungaji, kimya. Naweza kupanda treni, lakini Hershel anasema nikiingia Carrow sasa hivi wataniunganisha na gazeti na nitakuharibia zaidi. Kuharibu nimeshafanya sana. Kwa hiyo nasukuma ndoo na kusubiri.

Kuna habari. Ozella amelisoma lile gazeti. Yuko Los Angeles. Aliwaandikia wao, nao wakanipa barua. Anasema alituma barua tatu nyumbani mwaka wa kwanza, zikarudi zimeandikwa "zirudishwe" kwa mwandiko anaoufahamu. Hasemi kwa hasira, anasema tu. Anasema bado anatumia jina la Tolliver, ingawa wakubwa wa filamu walitaka abadilishe. Hakujua Mama anaumwa. Yuko tayari kuja Carrow mwezi ujao wa tano. Ila anauliza kitu kimoja: akifika mlangoni, Baba atamfungulia?

Nijibu, Baba. Kwake au kwangu. Neno moja.

Mwanao,
Cleophus

*

Carrow, nyumbani kwa Shemasi Purcell
Jumapili, 4 Mei 1947

Mwanangu Cleophus,

Nakusalimu. Mimi ni mzima wa viungo vyote, shingo ikiwemo. Barua hii haipiti posta ya hapa. Nampa mhudumu wa treni, yule yule aliyeleta magazeti.

Mama yako alifariki Jumatatu tarehe 21, saa nne asubuhi, ameketi kwenye kiti chake. Kaa kidogo kabla hujaendelea. Mimi nitangoja.

Sasa nikueleze kwa mpangilio.

Barua yako ya kukataza niliipata Jumatano, na gazeti likafika siku hiyo hiyo. Nilimsomea mama yako vyote viwili. Nikamwambia, basi, imeshindikana. Akaniuliza, "Watakufukuza?" Nikasema watanifukuza, mfagiaji ni mmoja. "Hata usipougusa mkebe?" Nikasema hata nisipougusa. "Basi Lem," akasema, "kama utafukuzwa kwa kuiba, iba." Unamjua. Hakuwahi kupenda adhabu ipotee bure.

Wazungu hawasomi gazeti letu mpaka mtu awapelekee. Nikahesabu kwamba nina siku mbili au tatu. Ijumaa nikafuta vumbi kwenye kabati. Nilipofika barabarani na ndoo ya majivu, Bwana Crale mwenyewe alikuwa anashuka kwenye gari. "Lem," akasema, "asubuhi yote hii na bado unabeba majivu?" Nikasema, "Majivu hayaishi, bwana." Akapita. Nilikwenda hatua ishirini, mkebe ukaanza kugonga ukuta wa ndoo, nikatembea nikikohoa ili kuficha mlio.

Jumamosi tulimpeleka mama yako Palas kwenye mkokoteni wa Purcell. Ndiyo, Purcell. Alikuja mwenyewe na gazeti mfukoni, akasema, "Lem, nilicheka. Nipe kazi." Lakini Odom alikuwa amechelewa kuunga filamu. Kila kiungo, aliniambia, lazima kile picha mbili, huwezi kuunga bila kukata ncha. Alipomaliza saa saba ilikuwa imefika na watu wamejaa mlangoni. Nikamwambia aondoe. Akanitazama na gundi vidoleni. "Mzee, nikiondoa sasa mama haoni. Nikiacha wanaona wote. Chagua wewe."

Nikasema acha.

Walikuwa watu mia tatu, Cleophus. Kepteni akaingia na kofia inachuruzika. Mimi nilikuwa nimeshika kiti cha mbele. Na kofia ikavuliwa. Hata mahindi hayakutafunwa. Halafu akatokea yeye, akafuta mkono kwenye nyonga, mara mbili, na mwanamke mmoja nyuma akapiga kelele, "Huyo ni mtoto wa Luvenia!" Basi hapo paliripuka. Wimbo tuliusikia nusu tu.

Mama yako hakupiga kelele. Aliinama mbele kama mtu anayetafuta sindano. Wimbo ulipokwisha nikamuuliza, "Umemwona?"

Akasema, "Amekonda. Hali chakula vizuri."

Nikamwambia labda ni gauni. Akasema, "Lem, mimi nilimzaa. Amekonda." Njia nzima kurudi alikuwa akinieleza nini cha kumpikia.

Odom akakata kipande, saa kumi mkebe ulikuwa kabatini. Jumatatu asubuhi wakati wenye filamu wanauchukua, mama yako alikuwa anakufa. Sikuwa kazini. Sitakwenda tena.

Jumatano alipokuwa amelala sebuleni ndani ya sanduku, Bwana Crale alikuja na polisi kijana na lile gazeti. Nikawafungulia. Polisi alipoona sanduku akavua kofia haraka. Bwana Crale hakuvua. Nikamwambia, "Bwana, mke wangu yuko hapa." Akasema, "Naona," na kofia ikabaki. Nilimtazama usoni, jambo ambalo sijafanya miaka thelathini, nikaona kwamba angependa kuivua. Mkono ulianza kupanda. Alifikiri, akaushusha. Mimi huwa nadhani watu wale hawaogopi kitu.

Akauliza kipande kilitoka kabatini au hakikutoka. Nikasema wenye filamu wamekichukua, awaulize kama kimepungua. Aliwauliza watu wote wa Palas, mmoja mmoja. Watu mia tatu waliona, na Bwana Crale hakumpata hata mmoja aliyeona. Odom alisema mashine yake haina macho. Purcell akamwambia, "Wimbo? Bwana, mimi wakati huo nilitoka kununua karanga." Akamuuliza mwingine, naye alikuwa kwenye karanga. Mchana huo Palas nzima ilikuwa inanunua karanga.

Hakupata ushahidi, naye hauhitaji. Nimeondolewa kazi, mwenye nyumba kaniondoa nyumbani, na polisi yule kijana alirudi peke yake kuniambia kwa sauti ya chini kwamba nisiione Jumapili ya pili ya Mei hapa. Ndiyo maana niko kwa Purcell, na ndiyo maana sikuandika. Mchungaji alinyamaza kwa sababu nilimwomba.

Wewe usijilaumu kwa gazeti. Bila gazeti nisingethubutu kusema acha, tungetafuta kuona mimi na mama yako tu, asubuhi, kwa siri, kama wezi. Na Ozella asingejua. Lakini siku nyingine, mwanangu, uliza kwanza.

Zile barua tatu zilirudishwa na mimi. Mama yako hakuzijua mpaka Jumapili ile ya kabla ya kifo chake, nilimwambia mwenyewe. Giza lilipoingia akasema nimsogezee mto. Sijui kama ndiyo ilikuwa samahani.

Mwambie Ozella asije Carrow. Hakuna mlango hapa wa kumfungulia; ungekuwepo ningeufungua. Mimi nakuja huko. Treni inafika Detroit Jumapili tarehe 11, saa nane mchana. Kama anaweza kuja stesheni, aje. Mwambie nimesema neno moja uliloniomba, nalo ni ndiyo.

Zile ncha alizokata Odom, picha nne, alinipa. Ni ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Mbili zimekwenda na mama yako, ziko kwenye kiganja chake. Moja naiweka humu, ishike kwenye mwanga wa dirisha. Ya nne nimeishona ndani ya utepe wa kofia yangu.

Atapata taabu kunitambua, nimezeeka sana. Mwambie asiangalie sura. Aangalie mzee atakayevua kofia.

Baba yenu,
Lemuel Tolliver